Miti Saba ya Msiba

Angetile alikuwa amefika katikati ya sanduku. Kakao ya juu alikwisha kuihamishia kwenye sanduku la chini. Ya kati ndiyo yenye moto, na ndiyo aliyokuwa akiichota sasa kwa koleo la mbao, taratibu, asije akapasua punje. Mvuke mkali kama siki ulimpanda usoni. Hii ilikuwa siku ya nne tangu avundike. Kakao ya siku ya nne isipogeuzwa asubuhi, ya kati huungua na ya pembeni hubaki mbichi, na mpimaji wa chama cha ushirika akikata punje tatu tu kwa kisu atajua kila kitu bila kuuliza.

Lori la kwanza alilisikia likiwa bado kwenye kona ya kanisa. Aliweka koleo chini, akakimbilia vichanjani na kuvuta turubai juu ya kakao iliyoanikwa. Lori likapita na shehena yake ya makaa ya mawe, likielekea yadi ya makaa iliyopakana na shamba lake, na vumbi jeusi likatua juu ya turubai, juu ya majani ya migomba, juu ya maji ya ndoo. Alisubiri litulie. Kisha akaikunja turubai kwa ndani ili vumbi lisimwagikie kakao, akarudi sandukuni.

Kwa siku yalipita malori ishirini, mara nyingine ishirini na mawili. Alikwisha kuyahesabu wiki nzima, akaandika kwenye daftari siku, saa na rangi ya kichwa cha lori, akampelekea mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alilipitia daftari, akasema ana mwandiko mzuri.

"Mama Neema! Ugonile?"

Alikuwa Naomi, jirani yake wa upande wa barabarani, amefunga kanga kiunoni, akimsalimu kwa Kinyakyusa huku anahema.

"Ndaga. Mbona mbio asubuhi yote hii?"

"Orodha imebandikwa chamani. Majina wameyapaka rangi. Langu la kijani."

"Na langu?"

Naomi aliinama akatazama ndani ya sanduku kana kwamba kuna kitu amekidondosha humo. "Nenda ukaone mwenyewe. Mimi macho yangu unayajua."

Angetile alimaliza kugeuza, akasawazisha juu kwa kiganja, akafunika kwa majani ya mgomba mabichi, kisha gunia, kisha mawe manne, moja kila pembe. Ndipo akafunga magunia yake mawili ya kakao kavu kwenye baiskeli, akaisukuma kuelekea chamani. Leo Jumatano ilikuwa siku ya kupokea.

Habari ya rangi walikwisha kuelezwa mwaka jana: wa kijani kakao yake inapokelewa, wa nyekundu inakataliwa. Wanunuzi wa Ulaya walitaka kujua kila gunia limetoka shamba gani, na kwamba shamba hilo halikufyekwa msituni baada ya mwaka 2020. Kwa hiyo alikuja kijana wa ramani, akazunguka shamba baada ya shamba akiwa ameshika simu, na wakulima walimfuata nyuma wakimwonyesha mipaka. Ilikuwa kama sherehe. Wengine walimchinjia kuku. Sheria yenyewe ilisogezwa mbele kule Ulaya mara mbili, wenye viwanda vyao walipolalamika kwamba hawajajiandaa. Chama hakikusogeza kitu. Katibu alisema ni vizuri kuwahi.

Foleni ilikuwa imefika nje. Orodha ilibandikwa ukutani, pembeni ya mzani. Kabla hajaifikia, sauti ya mwanaume ilipaa kutoka kwenye foleni:

"Mama Neema, umelambwa kadi nyekundu! Toka uwanjani!"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka walipomwona uso. Jina lake lilikuwa la arobaini na moja. Jekundu.

Katibu wa chama, Sylvester, alimwita ndani kwa adabu na kumpa kiti. Alikuwa mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Kwenye benchi alikaa Jubilate, yule kijana wa ramani, ambaye kwa kweli hakuwa kijana sana. Alikaribia miaka thelathini na tano na alikwisha kufundisha kwa kujitolea shule mbili kabla ya kupata mkataba huu.

"Mwagonile, mama," Jubilate alisema, akasimama kidogo.

"Ndaga, mwanangu. Nielezeni. Nimekosa wapi?"

"Hujakosa, mama," Sylvester alisema. "Ni mfumo umegoma."

"Mfumo umegoma kwa nini?"

Jubilate alimsogezea simu. Kwenye kioo lilionekana shamba lake kwa juu, jinsi ndege anavyoliona: paa lake la bati, mstari wa barabara, mto. Nyuma ya nyumba palikuwa na doa jekundu.

"Hapa, mama. Picha ya mwisho wa mwaka 2020 inaonyesha miti mikubwa. Picha ya mwaka unaofuata, miti haipo. Sasa hivi pana kakao. Kwa mashine, hiyo ni kwamba umekata msitu ukapanda kakao."

Angetile aliitazama ile picha muda mrefu. Hakuwa mtu wa kukana kitu kilicho mbele yake.

"Miti ilikatwa kweli," alisema. "Ilikuwa saba. Ulikuwa msiba wa baba Neema."

Asajile, mumewe, alifariki Mei ya 2021. Watu walikuja kutoka Busale, kutoka Ndandalo, wengine wakavuka mpaka kutoka Karonga. Walikaa siku nne, maana huku kwao msiba hauna haraka, na mtu anayemkimbiza mfiwa arudi kazini anaonekana ana jambo lake. Sufuria hazikupoa. Kuni za jirani zilipokwisha siku ya pili, wazee wa ukoo walikwenda nyuma ya nyumba wakanyoosha mikono: huu, huu, na ule. Mitano ikawa kuni. Miwili ya mivule ikapasuliwa, ikatoa jeneza na benchi za waombolezaji. Asajile akazikwa palepale vilipong'olewa visiki, nyuma ya nyumba yake, kama baba yake na babu yake walivyozikwa kwenye eneo lao. Na kwa kuwa kaburi haliachwi kwenye nyasi kama la mtu asiye na watu, mvua za kwanza Angetile alipanda migomba kulizunguka, na kwenye kivuli cha migomba akapanda kakao. Watu walimsifu. Hakuna aliyekumbuka kutazama juu.

"Pole sana," Jubilate alisema.

"Ningewapikia watu mia nne kwa mtungi wa gesi?"

"Hapana, mama."

"Basi waandikieni hivyo. Kwamba ulikuwa msiba."

Sylvester alikohoa. "Fomu ina sehemu tatu tu: kilimo, makazi, au moto. Msiba haumo. Lakini usijali, kuna njia fupi." Alifungua droo, akatoa karatasi iliyokwisha kujazwa jina lake kwa mashine. "Hii ni fomu ya kupunguza eneo. Tunakiondoa hiki kipande chekundu kwenye ramani yako. Kinachobaki chote ni kijani. Unatia saini hapa, magunia yako yanapanda mzani leo hii."

"Kukiondoa ndiyo kufanyaje?"

"Unakubali tu kwamba si sehemu ya shamba lako."

"Litakuwa la nani?"

"Litakuwa… litakuwa wazi. Ardhi ya kijiji."

Angetile aliichukua karatasi, akaisoma yote. Alisoma polepole, darasa la saba lake alikuwa ameliongezea mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyofungiwa chumvi. Chini kabisa paliandikwa kwamba mtoa tamko hatadai haki yoyote juu ya eneo hilo siku za mbele.

"Sylvester. Mwezi uliopita tulisomewa barua kwenye mkutano. Watu wa yadi ya makaa wanaomba kijiji kiwaongezee eneo. Si kweli?"

"Hiyo ni habari nyingine, mama."

"Ardhi ya kijiji iliyo wazi karibu na yadi ni ipi? Nionyeshe."

Sylvester alipanga kalamu zake.

"Hapo kuna kaburi la mume wangu," Angetile alisema.

"Kaburi halihamishwi, mama. Hii ni karatasi tu."

"Hata nyekundu ililetwa na karatasi."

Nje mzani uligonga, mtu akataja kilo, mtu mwingine akaandika. Jubilate alikuwa ameinamia simu yake. Angetile akamwomba aipunguze picha ili aone zaidi. Jubilate alisita, kisha akaipunguza.

Doa halikuishia nyuma ya nyumba. Lilivuka mfereji wa mpaka wake, likaenea hadi mtoni na hadi barabarani, jekundu tupu, na lile lililoingia kwake lilikuwa kama ulimi tu uliotolewa nje ya mdomo mkubwa.

Hakuhitaji kuelezwa. Pale palikuwa na msitu wa mto. Watoto waliokota humo kuni, akina mama walichuma mboga za porini, na mwezi wa nne maji yalipopanda msitu ndio ulioyazuia yasifike kwenye nyumba. Ulikatwa mwaka 2022. Ile ilikuwa ni miezi vita vilipopamba moto huko kwa Wazungu, gesi ikawapungukia, wakarudi kwenye makaa waliyokuwa wakiwaambia wengine wayaache. Bei ikapanda. Makaa yakaanza kushuka kutoka milimani kwenda ziwani kupakiwa kwenye matishari, na yakahitaji mahali pa kupumzikia njiani. Buldoza mbili zilifanya kazi siku tatu. Siku ya uzinduzi wa yadi kiongozi mmoja alihutubia juu ya fedha za kigeni, na miche kumi na miwili ikapandwa mbele ya lango, watu wakapiga makofi. Mbuzi waliila wiki hiyohiyo. Mwaka uliofuata mafuriko yaliingia nyumba tisa.

"Miti yangu saba wameiona," Angetile alisema. "Ile ya kule hawakuiona?"

"Wameiona, mama. Si hii hapa, nyekundu? Setilaiti haichagui."

"Mbona wao hawako kwenye orodha?"

"Orodha ni ya kakao." Jubilate alisema maneno yale kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mwingine. "Makaa hayaulizwi yametoka wapi wala yamepitia wapi."

"Wanunuzi ni walewale?"

"Kampuni sijui. Bara ni lilelile."

Angetile aliirudisha karatasi mezani, akaielekeza maandishi kwa Sylvester, jinsi mtu anavyomrudishia mwenzake kisu.

"Sitii saini."

"Mama, fikiria. Mfumo unafungwa Ijumaa. Kakao haisubiri. Mvua hizi, wiki tatu tu inashika ukungu. Na ukiuza nje ya mnada wa chama unakamatwa, unajua mwenyewe. Juzi mtu kalala mahabusu kwa debe moja."

"Rufaa ipo?"

"Ipo. Ila inakwenda hadi kwa mnunuzi. Miezi mitatu, minne. Msimu utakuwa umekwisha."

"Nipe fomu ya rufaa."

Sylvester alimpa, wala hakuonyesha hasira. Alimwambia tu, kwa upole uleule, kwamba chama kina wakulima mia sita na hakiwezi kusimama kwa ajili ya mmoja. Angetile alijibu kwamba anajua, kwa sababu naye ni mmoja wa hao mia sita, na mwaka wa kwanza wa chama alichangia matofali.

Alisukuma baiskeli kurudi nyumbani na magunia yaleyale mawili. Yule mwanaume wa kadi nyekundu alitoka kwenye foleni akamsaidia kuipandisha kwenye daraja la magogo. Hakutania tena.

Alasiri Jubilate alifika kwa pikipiki kupima upya kipande cha nyuma, kwa ajili ya rufaa. Walikizunguka pamoja. Katika kila pembe alibonyeza, na nukta ikabaki kwenye kioo. Nukta ya mwisho ilipokutana na ya kwanza, simu ililia na kuonyesha ukubwa. Robo eka haikufika.

"Rufaa itasomwa na nani?" Angetile aliuliza.

"Ikiwa na maneno matupu, mashine inajibu yenyewe. Ikiwa na ramani mpya, lazima ifunguliwe na mtu."

"Sasa tupime doa lote."

"Mama?"

"Waone langu ni kiasi gani, na la jirani ni kiasi gani. Liwe kwenye karatasi moja."

Jubilate alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea. "Kule siwezi. Kule si kwa kakao."

"Mwaka jana ulituambia simu inafuata miguu. Kwani inaulizaga miguu ya nani?"

"Haiulizi. Lakini mimi naulizwa. Mkataba wangu unaisha Desemba. Nina mtoto mchanga." Aliangalia upande wa yadi, kwenye milima midogo myeusi iliyoonekana juu ya migomba. Kisha akachuchumaa kando ya pikipiki yake. "Hii cheni imelegea. Nitachukua kama saa nzima kuikaza. Simu nishikie, isije ikaingia grisi. Ukifika kwenye pembe, ni kile kitufe cha kijani."

Alikuwa amekwisha kumpa.

Angetile aliifunga ndala yake kwa kamba ya mgomba, akaanza. Upande wa kwanza ulikuwa mfereji wake mwenyewe. Alibonyeza unapoanzia, akaufuata hadi barabarani, akabonyeza. Upande wa pili ulikuwa barabara, mbele ya lango. Alipita kama mtu anayekwenda dukani, huku lori likimpulizia moshi, na kwenye nguzo ya mwisho ya uzio akabonyeza tena. Upande wa tatu ulikuwa njia nyembamba kati ya uzio wa mabati na mashamba ya mpunga. Hapo ndipo visiki vilikuwa. Walivichoma moto lakini havikuisha. Alivihesabu vilivyo nje ya uzio tu, maana vya ndani vilikuwa chini ya makaa. Alipofika sitini na nne aliona mto, na akamwona mlinzi.

"Mama Neema. Rudi."

Alikuwa Ezra, mtu wa kijijini, ndani ya sare iliyompwaya, rungu mkononi.

"Ugonile, Ezra."

"Ndaga. Rudi, mama. Nini hicho umeshika?"

"Simu. Napima."

"Unapima nini kwa watu?"

"Mahali palipokuwa na miti. Umebaki upande mmoja tu."

Ezra aliangalia nyuma yake, akasogea karibu. "Unataka nifukuzwe? Kamera ile pale, inaonaga mpaka kuku."

"Wewe ulibeba jeneza la Asajile. Ulikula pale siku nne."

"Nilikula, na nilibeba. Sasa nabeba rungu, mama, ili watoto wale." Alilishusha lile rungu kana kwamba limekuwa zito. "Leo upande wa mto haiwezekani. Meneja yupo palepale, wanafungulia maji ya makaa."

Angetile aliyasikia maji kabla ya kuyaona. Yalitoka kwenye bomba chini ya uzio, meusi, yakateremka mtoni bila haraka. Upande wa pili mwanamke mmoja alikuwa ameinama anafua.

"Yule anajua?" aliuliza.

"Wote wanajua. Wanafua mapema, kabla hayajafunguliwa. Yule kachelewa." Ezra alipiga mluzi kumwita yule mwanamke, akampungia mkono atoke. Kisha, bila kumtazama Angetile: "Kesho meneja anaenda Mbeya. Ana semina."

"Semina ya nini?"

Ezra alijikuna shingo. "Ya utunzaji wa mazingira."

Angetile alivunja tawi la mti mdogo uliokuwa umechipua kwenye kisiki, akalichomeka ardhini pale alipofikia, akabonyeza, akalikandamiza kwa kisigino ili kesho asipoteze mahali. Ezra aliliangalia tawi, akaangalia kamera, akageuka akaendelea na doria yake.

Jubilate alikuwa bado amechuchumaa kando ya pikipiki ambayo haikuwa na tatizo. Alipokea simu, akaona mistari mitatu mirefu na nafasi wazi upande wa mto.

"Inauliza," alisema. "Eneo halijafungwa. Nifute, au nihifadhi kama rasimu?"

"Ukihifadhi, chama wataona?"

"Wakifungua, wataona. Pamoja na jina langu."

Angetile alimwacha afikirie, akaanza kuondoa kamba kwenye ndala yake. Lori jingine lilikuwa linakuja kutoka kona ya kanisa, la kumi na tisa kwa siku hiyo.

Jubilate alibonyeza.

"Nimehifadhi," alisema. "Kesho saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajafungulia maji. Na uje na chaji ya kutosha. Upande ule ndio mrefu."